Nakala Rudufu: Hoja ya Kumfikishia Mwajiri Bondeni Rufiji

Mafuriko ya Aprili 2024 katika Wilaya za Rufiji na Kibiti yalizamisha mashamba na makazi. Ipo hasara nyingine isiyopimwa kwa ekari, nayo ni kumbukumbu za biashara. Ghala la ufuta Ngorongo likiingiliwa na maji, kompyuta moja iliyolowa huweza kupotea na orodha ya wakulima, uzito wa mizigo yao na malipo wanayodai.

Mameneja wengi huona nakala rudufu kuwa gharama isiyoleta faida. Mhasibu anayetaka kumshawishi mkuu wake asianze na teknolojia. Aanze na deni. Nani atalipwa kiasi gani iwapo hesabu hazifunguki kesho? Aongeze kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza nyaraka zake kwa miaka 5.

Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu ni kuwa na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali. Bondeni neno "mbali" lina uzito wake, kwani diski iliyomo katika kabati la ofisi hiyohiyo italowa pamoja na kompyuta. Hifadhi ya mtandaoni inasaidia, lakini Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za baharini ilivuruga intaneti nchini. Kwa hiyo diski moja ipelekwe Kibaha au Dar es Salaam kabla ya masika, na ifunguliwe mara kwa mara kuthibitisha kuwa inasomeka.