Anayeuguza Naye Apumzike

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitaanza na mbegu wala mbolea. Nitaanza na mtu anayeshika jembe.

Katika kazi yangu vijijini nawakuta akina mama na akina baba wanaouguza wenzi wao. Mume amepatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Hawezi kugeuka wala kwenda chooni peke yake. Mkewe huamka usiku kumgeuza. Asubuhi huchota maji. Mchana hulima. Mambo huwa hivyo kwa miezi, pengine kwa miaka.

Mama huyo huanza kuwa na hasira. Husahau saa ya dawa. Husinzia jikoni. Huo si uvivu. Wala si kukosa upendo. Ni uchovu. Akianguka yeye, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili, na shamba halitakuwa na mtu.

Ikiwa ni wewe, fanya hivi:

Kwanza, gawa kazi. Ita watoto na mashemeji, mkae pamoja. Usiseme tu, "Nisaidieni." Taja kazi na siku. Asiyeweza kugeuka hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, ili asipate vidonda vya kulalia. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo usiku na mchana. Pokezaneni. Mmoja akeshe hadi saa 8 usiku, mwingine hadi asubuhi.

Pili, linda mgongo wako. Ukimwinua mgonjwa, simama karibu naye. Kunja magoti, usipinde mgongo. Usimvute kwa mkono uliopooza. Utamuumiza bega.

Tatu, punguza shamba. Ekari 1 iliyopaliliwa kwa wakati ni bora kuliko ekari 3 zilizomezwa na magugu. Tandaza majani makavu kati ya mistari. Magugu yatapungua, na unyevu utakaa. Panda pia muhogo. Muhogo hutaka palizi zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Ukikomaa, unaweza kungoja ardhini hadi upate nafasi ya kuuchimba. Mahindi hayangoji.

Nne, nenda zahanati kwa ajili yako pia. Kama huzuni haiishi, au usingizi hauji hata ukipata nafasi ya kulala, mweleze mganga. Usieleze habari za mgonjwa tu.

Wengine huogopa kupumzika. Husema, "Watu watasema nimemchoka mume wangu." Waache waseme. Mgonjwa anahitaji mtu mwenye nguvu za kumwinua kesho.

Na wewe jirani, usiende na pole tupu. Nenda na jembe, upalilie mistari michache. Au kaa na mgonjwa saa 2, mwenye nyumba alale.

Kazi njema, na tuwatazame wanaouguza.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu