TUJIHOJI KABLA YA KUHOJIWA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na jamaa zao. Mwandishi wa habari humwuliza aliyepata A angependa kusomea nini. Jibu huwa ni lile lile: udaktari. Na akikosa udaktari? Famasia. Basi, mazungumzo yameisha. Hakuna anayemwuliza kwa nini.

Maoni yangu ni kwamba hilo la "kwa nini" ndilo swali lenyewe. Kwa kuwa hapa kwetu aghalabu hakuna anayetuuliza, inatubidi tujiulize wenyewe, tena mapema, kabla hatujafika kidato cha nne na kuanza kukimbizana na karatasi za majaribio.

Hebu tutazame mambo yalivyo. Mwanafunzi anayepangiwa shahada ya famasia kupitia KUCCPS hapiti mbele ya jopo lolote. Shirika hilo liliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, likachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na JAB. Mwombaji hujaza chaguo zake, kisha tarakilishi hutazama alama zake za biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Zinajumlishwa, zinalinganishwa na za wenzake, kazi kwisha. Sauti yake haijasikika hata mara moja. Anaweza kuwa mkimya kama jiwe au mkali kama pilipili, hakuna atakayejua mpaka siku atakaposimama mbele ya mgonjwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Utaratibu huu una uzuri wake, tena mkubwa. Hauulizi baba yako ni nani. Alama za mtoto wa Kawangware na za mtoto wa Lavington huwekwa kwenye mizani moja. Tukileta mahojiano ovyo ovyo, wale waliozoea kuzungumza na wageni sebuleni kwao watatuacha mbali, na wenye wajomba wakubwa watapiga simu usiku. Kwa hivyo siombi serikali ibadilishe lolote. Ombi langu ni kwetu sisi wanafunzi.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti. Uingereza na Marekani, vyuo vingi vya famasia humwita mwombaji na kuzungumza naye kabla ya kumpa nafasi. Huko Marekani, mtihani wa kuingilia ulioitwa PCAT ulitumika kwa miaka mingi, lakini ukaondolewa kabisa mwanzoni mwa 2024. Mahojiano yamebaki. Tena siku hizi si lazima yawe ya watu watatu wenye miwani walioketi nyuma ya meza wakikukazia macho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha McMaster kule Canada kilianza mtindo wa vituo vifupi vifupi kwa waombaji wa udaktari, na vyuo vingi vya famasia vimeuiga. Mwombaji huingia chumba kimoja, akapewa jambo la kutatua kwa dakika chache, kengele ikalia, akahamia chumba cha pili kwa mtu mwingine. Faida yake ni wazi. Ukiteleza kituo cha kwanza, wa kituo cha pili hajui habari hiyo. Na mtu mmoja asiyependa sura yako hawezi kukuangusha peke yake.

Sasa wenzetu wanaotaka kuomba vyuo vya nje, au wanaotarajia kuitwa na wafadhili wa karo, hujitayarisha vipi? Wengi hutafuta hotuba ya Kiingereza wakaikariri kama shairi. Ati tangu utotoni nimekuwa na hamu ya kuwasaidia watu. Jamani! Ni kazi gani isiyosaidia watu? Utingo wa matatu ya 46 anayempisha mama mwenye mtoto mgongoni anasaidia watu. Muuza maji anasaidia watu. Ukiulizwa kwa nini umechagua famasia na si uuguzi, ualimu au udaktari, hotuba hiyo haina jibu. Huko ni kukariri, wala si kujitayarisha.

Anayetaka kujua famasia ni nini hana haja ya kusafiri. Sisi tunaosoma hapa Hurlingham tumezungukwa na somo lenyewe. Tembea Barabara ya Argwings Kodhek kutoka Nairobi Hospital hadi Yaya Centre, uhesabu maduka ya dawa utakayoyapita. Panda Barabara ya Lenana utafika kwenye Bodi ya Famasia na Sumu, ile inayowasajili wafamasia na wateknolojia wa famasia na kutoa leseni za maduka, kwa mujibu wa sheria ya tangu 1957, Sura ya 244. Vuka Barabara ya Ngong uende Hospitali ya Kenyatta. Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia famasia, somo ililolianzisha mwaka wa 1974. Hapo pia pana chuo cha KMTC, ambako mtu husomea diploma ya famasia. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba kuna njia hizo mbili, ya shahada na ya diploma, na kwamba zote mbili zinatambuliwa na Bodi? Mtu hawezi kusema ameichagua kazi ambayo hajawahi hata kuichungulia.

Na ukiichungulia utaona kwamba mahojiano yapo. Yapo kila siku, tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Isipokuwa anayehoji ni mgonjwa, na lugha yake ni Kiswahili.

Chukua mfano wa bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3. Sisi wa hisabati tutasema jibu ni tatu. Mgonjwa naye akisema ni tatu, akameza tembe tatu kwa mpigo, tutamlaumu? Maana yake ni tembe moja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane hivi. Ni nani atakayemwambia hivyo kama si aliye dirishani? Kisha anaambiwa, "Meza baada ya chakula." Mjengaji anayekula jioni tu afanye nini? Ameze mara moja, au ameze na njaa? Mfamasia mzuri atamwuliza kwanza, "Mzee, wewe hula saa ngapi?" Swali hilo dogo halimo katika kitabu cha kemia, na bila hilo kemia yote iliyomo kwenye ile tembe inaweza kwenda bure.

Chukua mfano wa pili. Mteja anakuja anapiga chafya, hana karatasi ya daktari. Anasema, "Daktari, nipe vile vidonge vya rangi mbili, vya shilingi mia tu." Anataka antibiotiki. Homa ya mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Tena hata kama angekuwa na ugonjwa unaohitaji dawa hizo, nusu dozi huwaacha bakteria wenye nguvu wakiwa hai, na kadiri watu wanavyozitumia ovyo ndivyo usugu unavyoenea, mpaka siku mtu akiugua kweli dawa haimfai. Haya tunayajua kwa biolojia. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kumwambia mtu mzima aliyeshika noti yake ya mia bila kumdharau ni jambo lingine. Ukimfokea ataondoka aende duka la pili, auziwe bila swali. Ukimwuzia, umeuza hesabu yako na afya yake. Hapo ndipo mtu hupimwa.

Mfano wa tatu ni wa hesabu. Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 12, na kipimo alichoagizwa cha parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180 kwa mara moja. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe kiasi gani? Ukipiga hesabu utapata mililita 7.5. Sawa, umepata alama zako. Lakini mama akifika nyumbani atatumia kijiko gani? Vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja, na mililita 7.5 haipatikani kwa kukisia. Kwa hiyo jibu kamili ni hesabu pamoja na kikombe kidogo chenye alama, au bomba la plastiki la kupimia, na kumwonyesha mama mstari wenyewe kwa kidole. Anayesimama kwenye mililita 7.5 amefanya nusu ya kazi.

Katika mifano yote mitatu, Kiswahili kimo ndani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini tazama maelezo ndani ya pakiti za dawa zilizo nyumbani kwenu. Mara nyingi utakuta Kiingereza, pengine na Kifaransa, kwa maandishi madogo kama chawa. Basi mwenye kuvusha maana kutoka kwenye karatasi hiyo hadi kwa nyanya ni mtu wa dirishani. Akiwa amesoma miaka mitano ya shahada na hawezi kusema kwa lugha ya nyanya kwamba dawa hii huleta usingizi, au kwamba hii isimezwe pamoja na ile, elimu yake imekwama kooni. Ndiyo maana nimefurahi kuona Kiswahili kinahesabiwa miongoni mwa masomo ya kuingilia famasia. Wenzetu wanaocheka chama chetu ati ni cha watu wa mashairi wafikirie jambo hilo.

Najua kuna atakayenipinga. Atasema, "Kwani ukipata A si inatosha? Hayo mengine utafundishwa chuoni." Ni kweli, hakuna anayezaliwa mfamasia, na chuo kipo kwa ajili ya kufundisha. Tena bila alama hata mlango hutauona, kwa hivyo tusidanganyane, vitabu kwanza. Lakini chuo hakiwezi kukufundisha kupenda kazi uliyoichukua kama makombo ya udaktari. Anayeingia famasia kwa sababu alikosa pointi za kwingine, akae huko akinuna miaka mitano na mwaka mwingine wa mazoezi ya kazi, atamnunia pia mgonjwa. Na katika kazi ya dawa, kununa ni hatari. Mgonjwa aliyefokewa haulizi swali lake la mwisho, na pengine hilo la mwisho ndilo lingemwokoa, "Na je, mimi ni mjamzito, hii naweza kumeza?" Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mfamasia, ulimi ukijikwaa anayeanguka ni mtu mwingine.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Chama chetu kitenge Ijumaa moja kila muhula, tuweke vituo vitano darasani, kila kimoja dakika tano. Kituo cha kwanza, mtu aeleze kwa nini anataka famasia bila kutumia maneno "kusaidia watu". Cha pili, aeleze bahasha ya 1×3 kwa mwenzake anayeigiza nyanya asiyesikia vizuri. Cha tatu, amkatalie mteja wa rangi mbili kwa adabu, amwelekeze kwa daktari. Cha nne, hesabu ya mililita, na kipimo mkononi. Cha tano, aulizwe jambo asilolijua kabisa, tuone kama atabuni jibu au atasema, "Sijui, ngoja niulize." Hicho cha tano nakiona kigumu kuliko vyote, kwa maana shuleni tumezoea kwamba kuacha pengo kwenye karatasi ni kupoteza alama, basi tunaandika chochote. Dirishani chochote kinaweza kuua. Walimu wetu wa kemia na biolojia wakikubali kuketi nasi, wasahihishe sayansi. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha. Gharama yake ni chaki na saa moja.

Wasiotaka famasia nao waje. Anayetaka uhandisi, uwakili au hata biashara ya duka atakutana na mtu anayemwuliza maswali kwa lugha ya kawaida, na atahitaji kumjibu bila kumdharau wala kumdanganya. Zaidi ya hayo, sote ni wagonjwa wa kesho. Aliyewahi kuigiza upande wa ndani wa dirisha atajua aulize nini akiwa upande wa nje, naye hataondoka na bahasha asiyoielewa.

Huenda wengi wetu tusiitwe kamwe mbele ya jopo. Huenda tarakilishi ikatupanga tukiwa tumelala. Lakini siku moja mtu atasimama mbele yetu na dawa mkononi, atuulize, "Hii nameza vipi?" Hatatuuliza tulipata pointi ngapi. Tuanze kulitafuta jibu lake sasa.