Usingizi wa Kwanza si wa Kuchezewa

Muhula huu umeingia mchezo mpya katika mabweni yetu. Si karata wala bao. Ni mchezo wa ndoto. Taa zikisha kuzimwa saa nne usiku, vijana hulala chali, hawageuki wala hawasemi, nao huhesabu kimoyomoyo: "Moja, naota, mbili, naota, tatu, naota." Shabaha yao ni kuuvuka mpaka wa usingizi akili ikiwa macho, wapate kuingia ndotoni huku wakijua kuwa ni ndoto. Aliyefika huko, yasemwa, aweza kuruka kama mwewe juu ya Ziwa Viktoria, au kuzungumza na nyanya yake aliyefariki, na asubuhi akayakumbuka yote.

Mimi siyacheki mambo haya. Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyajaribu, na tena, nakiri, ndimi niliyemfundisha mwingine. Kwa hiyo nataka kutoa maoni yangu waziwazi. Kuota huku ukijua unaota ni jambo la kweli. Lakini kulitafuta mara tu tulalapo, katika usiku wa masomo, ni kosa. Na kumfundisha mdogo nusu ya jambo ni kosa kubwa kuliko hilo.

Kwanza niwape haki yao wenye mchezo. Jambo hili si uzushi. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika zamani kwamba mara nyingine mtu akiwa usingizini kuna kitu ndani yake kimwambiacho kuwa ayaonayo ni ndoto tu. Mwaka 1913, Frederik van Eeden, daktari na mwandishi wa Uholanzi, alieleza ndoto zake mwenyewe za namna hiyo. Wengi hawakusadiki, maana aliyelala hawezi kutoa ushahidi. Walakini mwaka 1975, huko Uingereza, Keith Hearne alipatana na mtu mmoja kwamba akijitambua ndotoni ageuze macho yake kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Mwili wote ulilala, lakini macho yalitoa ishara, na mashine ikaiandika. Stephen LaBerge wa Marekani naye akathibitisha hivyo hivyo miaka michache baadaye. Na mwaka 2021 wataalamu wa nchi nne walitangaza kuwa wamewauliza waotaji maswali, nao wakajibu wakiwa ndotoni. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu mbili kwa macho yake.

Basi kosa liko wapi? Kosa liko katika saa.

Usingizi hauwi namna moja usiku kucha. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba zipo nyakati ambapo macho ya aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakuhadithia ndoto. Wakati huo hauji mara tu tulalapo. Kwa kawaida huja baada ya dakika 90 hivi, na mara ya kwanza ni mfupi sana. Hurudi tena na tena, na kila urudipo huelekea kuwa mrefu zaidi, hata karibu na alfajiri ndipo ndoto zinapokuwa nyingi na ndefu. Saa za mwanzo ni za usingizi mzito. Hizo ndizo mwili wa kijana unazozitumia kujijenga, maana ndipo homoni ya kukua inapotoka kwa wingi.

Yeye ahesabuye saa nne usiku akingoja ndoto ndefu ni kama msafiri aendaye kituoni usiku kungoja basi la alfajiri. Ataona nini? Ataona vipande vya picha, atasikia jina lake likiitwa, atashtuka kama aliyeteleza ngazini. Hayo ni ya mlangoni tu. Akili yake haipumziki, na ndoto yenyewe haijafika.

Mimi nilijaribu usiku saba mfululizo. Niliona nyuso nisizozijua na taa za rangi, basi. Hesabu yangu ya hasara ni hii. Taa huzimwa saa nne, na kengele hulia saa kumi na moja alfajiri; hizo ni saa saba. Wataalamu wasema kijana wa umri wetu ahitaji saa nane hadi kumi. Yaani sisi tuna deni kabla hata hatujaanza mchezo. Mimi nilipoteza kama saa moja kila usiku kwa kuhesabu, hivyo katika juma moja niliutupa usiku mzima. Siku ya nane nililala katika somo la hesabu, kalamu mkononi, na mwalimu akaniamsha mbele ya darasa zima.

Lau ingekuwa aibu yangu peke yangu, nisingeandika. Lakini yuko mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye kitanda chake ni chini ya changu. Aliniuliza kila usiku nafanya nini, nami kwa majivuno nikamfundisha: lala chali, usigeuke, hesabu, usikubali akili ilale. Sikumwambia zaidi. Mtoto yule akashika kuliko mimi. Kwa muda wa juma mbili alijinyima usingizi, akawa anatembea kama mgonjwa. Jumapili moja mchana, wakati wa mapumziko, alijilaza na kuanza kuhesabu. Punde akajiona yu macho, aona dari, asikia sauti zetu, lakini hawezi kuinua hata kidole. Akaona kitu cheusi kimemkalia kifuani. Alipofunguka alipiga kelele hata bweni la pili walisikia.

Wengine wakasema amerogwa. Wakamtaja mwanafunzi mmoja mpole, asiye na makundi, kwamba ndiye. Siku mbili hakuna aliyetaka kukaa naye mezani. Na mimi, niliyejua mambo yalikotoka, nilinyamaza siku zote mbili, kwa kuogopa kuchekwa. Siku ya tatu nilikwenda kwa kiranja, nikasema yote, kisha tukasimama mbele ya bweni na kueleza. Yule mpole alinipa mkono, lakini hakunitazama.

Lile lililompata mtoto wazee wetu waliliita jinamizi, na sababu yake yajulikana. Tuotapo katika ule usingizi wa macho kukimbia, misuli ya mwili hulegezwa, tusije tukayatenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujaachiliwa, au mwili hulegea kabla akili haijalala. Hapo ndoto na chumba huchanganyika. Hupita yenyewe baada ya sekunde au dakika chache, wala haidhuru mwili. Huwajia zaidi wasiolala vya kutosha, wanaolala saa zisizo na utaratibu, na wanaolala chali. Tazameni basi: masharti yote matatu mimi ndimi niliyompa.

Najua watakaonijibu kwamba akili ni yao na usiku ni wao. Ni kweli, lakini bweni ni letu sote, na hofu ya mmoja haikai kitanda kimoja. Wengine watasema njia hii imewasaidia watu wenye ndoto mbaya. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana sisemi ipigwe marufuku. Nasema ingoje wakati wake. Mtu na angoje likizo. Alale kwanza saa tano au sita kamili, aamke kabla ya mapambazuko, akae macho nusu saa, kisha arudi kulala akijiambia kuwa akiota atajua anaota. Hapo ndoto iko karibu naye. Na kila asubuhi aandike ndoto zake katika daftari, maana asiyezikumbuka atazitambuaje? Akiwa ni mtu wa kuona au kusikia visivyokuwapo mchana, aiache kabisa. Akimfundisha mwenzake, amwambie habari za jinamizi kabla ya habari za kuruka.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi sasa taa zikizimwa nageukia ubavu wangu na kulala. Mtoto wa chini naye hulala, namsikia akikoroma. Tuuache usingizi wa kwanza ufanye kazi yake, ndugu zangu. Ndoto zitatukuta alfajiri.