Kanisa Jipya ni Jirani Mpya

Msomaji mmoja akaaye mtaa wa Sofia, mjini Homa Bay, ameniletea barua. Asema ya kuwa akiketi kibarazani pake aweza kuhesabu makanisa sita, na kwamba usiku wa Ijumaa husikia mahubiri matatu kwa wakati mmoja, asiweze kufuata hata moja. Mwisho aniuliza: "Je, Bwana Karani, mambo haya yatatufikisha wapi? Kwa nini serikali isiyapunguze makanisa haya?"

Swali hili si la mtu mmoja. Hapa Migori pia, ukiiacha barabara kuu iendayo Isebania ukaingia mitaa ya Oruba au Nyasare, utaona mabati mapya juu ya miti, bango lililoandikwa kwa rangi, na kipaza sauti kilichoelekezwa madirishani mwa watu. Mimi ni karani, si mchungaji, wala sitamfundisha mtu dini yake. Lakini juu ya ujirani kila mmoja wetu ana haki ya kusema.

Kwanza yatupasa kukumbuka ya kuwa jambo hili halikuanza jana. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika aliyetoka nchi iitwayo leo Malawi. Wala haikuchukua muda mrefu kabla ya watu wa Nyanza kuanzisha makanisa yao wenyewe. Johana Owalo, aliyefariki mwaka 1920, alikuwa amekwisha kuanzisha Kanisa la Nomiya. Mwaka 1963 watu wa Legio Maria walijitenga na Kanisa Katoliki, na viongozi wao waliojulikana sana walikuwa Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ondeto alifariki mwaka 1991, na kaburi lake liko Got Kwer, katika Migori yetu hii. Basi mtu wa Nyanza asemaye kwamba kanisa jipya ni jambo geni, huyo amesahau habari za babu zake.

Kwa nini yanazidi kuongezeka? Sababu moja yajulikana na wote: fahali wawili hawakai zizi moja. Mhubiri hodari akigombana na askofu wake juu ya cheo au juu ya sadaka, huondoka na nusu ya waumini na nusu ya viti. Lakini iko sababu ya pili, nayo ni njema. Mjini mtu ni mgeni. Ametoka Nyatike au Mbita kutafuta kazi, naye hana shangazi wala mjomba wa kumwangalia. Kanisa dogo lenye watu thelathini humjua kwa jina lake. Asipoonekana Jumapili moja, jioni mtu hupiga hodi kwake kuuliza kama ni mgonjwa.

Jambo hili nalijua kwa sababu nilifundishwa kwa aibu. Mwaka juzi kanisa moja lilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba tunazopanga, na kila Ijumaa wakawa wanakesha hadi alfajiri. Mwaka jana mtoto mmoja wa hapo nyumbani alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne, naye alisoma huku ameziba masikio kwa pamba. Nikaona yafaa nimwandikie chifu. Niliandika barua ndefu, nikapita mlango kwa mlango kutafuta sahihi, na watu kumi na wanne wakatia sahihi zao. Nilipofika kwa mama wa mtoto yule yule, mjane auzaye omena sokoni, aliisoma barua yote, kisha akanirudishia kalamu yangu.

"Barua yako ni nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini mume wangu alipofariki, hawa wapiga ngoma ndio walionichangia jeneza, wakapanda lori usiku hadi Karungu kumzika. Ninyi kumi na wanne mlinipa pole mlangoni."

Sikuwa na la kujibu. Barua ile ingali mezani kwangu.

Mama yule alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, akamweleza habari ya mtihani. Siku ile ile kipaza sauti cha nje kilishushwa, na mkesha ukawa mara moja tu kwa mwezi. Sisemi ya kuwa mambo yote yametengenea. Baada ya miezi michache kanisa jingine lilifunguliwa ng'ambo ya barabara, lenye ngoma kubwa zaidi, na kwa hilo bado tunahangaika.

Sheria haikutuacha bila msaada. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu uhuru wa kuabudu katika kifungu cha 32, na katika kifungu cha 42 yampa kila mtu haki ya kukaa mahali safi palipo salama kwa afya yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zaweka mpaka wa desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa mahali pa ibada, na usiku wenyewe huanza saa mbili. Desibeli 40 ni kama sauti ya watu wanaozungumza polepole. Serikali imejaribu pia kuzuia mlangoni. Novemba 2014 Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mwaka 2016 zikapendekezwa kanuni kali, lakini makanisa yalizipinga nazo zikarudishwa nyuma. Kuyapunguza kwa hesabu, basi, si kazi nyepesi. Tena ni nani atakayechagua lipi libaki na lipi livunjwe? Kwa mimi lingevunjwa lile la ngoma, na mjane yule angebaki peke yake.

Nami naona iko hasara iliyo kubwa kuliko kelele. Zamani msiba wa mtaa ulikuwa msiba wa wote. Siku hizi mtu akifa, swali la kwanza ni hili: "Alikuwa akisali wapi?" Akiwa wa kanisa letu, twachanga, akiwa wa kanisa jingine, twasema wenzake watamwangalia, na yule asiye na kanisa lo lote huzikwa na watu wachache. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji pamoja wakaachana njia kwa sababu wachungaji wao wamegombana, hao ndio watakaotukumbusha ya kuwa tumepoteza kitu.

Na mahali watu wasipojuana, ukimya waweza kuwa mbaya kuliko ngoma. Mwezi wa Aprili 2025, huko Opapo karibu na Rongo, katika kaunti yetu hii, polisi waliingia katika ua wa kanisa moja, wakawatoa watu 57 waliokuwa wakiishi humo, na ikajulikana ya kuwa watu wawili walikuwa wamezikwa ndani ya ua ule. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, nchi nzima ilitetemeka kwa habari za msitu wa Shakahola huko Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kanisa lipigalo kelele twalijua, na tukitaka twaweza kulilalamikia. La kuogopwa ni lile lililofunga lango, ambalo jirani hajui waliomo ni wazima au ni wagonjwa, wala kama watoto wao huenda shule.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mchungaji ajaye kusimamisha mabati, na apite kwanza nyumba zilizo jirani, ajitambulishe, na kuuliza ni nani mgonjwa, ni nani mwenye mtoto mchanga, ni nani aamkaye saa tisa kwenda sokoni. Mwenye ploti asitazame kodi tu; naye awaulize wapangaji wake kabla ya kutia sahihi. Na sisi majirani tusingoje hasira ijae ndipo tukimbilie kwa chifu. Tukiona lango limefungwa miezi na miezi, hapo tusikawie kumwambia chifu, wala tusiseme hayatuhusu.

Msomaji wangu wa Sofia amehesabu makanisa sita. Namwomba aketi tena kibarazani pake ahesabu upya: katika makanisa hayo sita, ni wachungaji wangapi amekwisha kupeana nao mkono? Mimi nilipojiuliza swali hilo kwa ajili ya mtaa wangu, jibu lilikuwa mmoja, naye nilijulishwa na mjane.