Swali Tunaloliacha Tupu Katika Fomu za Ufadhili



Ndugu wasomaji, wazazi wetu, na hasa nyinyi vijana wetu mlioko Kidato cha Sita, mwaka huu tumeona tuzungumze nanyi juu ya fomu za ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Ndani ya fomu hizo mna swali moja linalowashinda wengi wenu. Huulizwa kwa maneno tofauti, lakini maana yake ni hii: wewe umeifanyia nini jamii yako?

Mwaka jana binti mmoja wa darasa la jioni alituletea fomu yake tuitazame kabla hajaipeleka. Alama zake nzuri, mwandiko wake mzuri. Penye swali hilo, ambapo paliachwa nusu ukurasa mzima, aliandika maneno mawili tu: "Sijafanya lolote." Na binti huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu wadogo alifu-bee kwa miaka minne, kila siku baada ya sala ya alasiri isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Watoto thelathini na kitu wamepita mikononi mwake. Tulipomuuliza mbona hakuyaandika hayo, alijibu, "Ustadhi, ile si kazi. Ile ni madrasa."

Tulinyamaza. Nani alimfundisha kufikiri hivyo kama si sisi?

Tuseme kwanza kwamba misaada ya masomo haifanani. Mikopo ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutazama zaidi uhitaji wa mwombaji. Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022, hutazama ufaulu wa juu wa Kidato cha Sita katika masomo ya sayansi. Lakini upo ufadhili wa namna ya tatu, ambao alama peke yake hazitoshi; unataka kijana aliyeshikamana na watu wake. Mastercard Foundation walipoanzisha mpango wao mwaka 2012 waliweka wazi kuwa wanatafuta vijana watakaorudisha faida kwa jamii zao.

Ulio karibu zaidi nasi Waislamu ni ule wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ulioanzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wa Benki hiyo, Tanzania ikiwamo. Utaratibu wake ulivyopangwa unafaa uangaliwe vizuri. Mwanafunzi anapewa karadha njema, yaani mkopo usio na riba. Akishahitimu na kupata kazi anaurejesha, lakini haurejeshi kwa Benki. Fedha zinaingia katika mfuko wa amana wa jamii yake mwenyewe, zisomeshe wengine. Kwa hiyo kwake yeye ni deni, na kwa jamii yake ni zawadi. Sasa fikirini: mtu anayegawa fedha za namna hiyo, akikuuliza umeifanyia nini jamii yako, anauliza kwa kupamba fomu? Anataka kujua kama deni lile litarudi.

Tunajua linalowazuia wengi. Tumewafundisha kuogopa riya, na tutaendelea kuwafundisha. Lakini Suratul Baqarah, aya ya 271, haikumlaumu mwenye kutoa sadaka hadharani. Imesema kuificha ni bora zaidi. Na Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alimtajia mfalme sifa zake mwenyewe, kuwa ni mlinzi na ni mjuzi. Hakuwa akijisifu. Aliulizwa kwa hali ilivyokuwa, naye akajibu kwa ukweli. Kueleza ulilolifanya kwa anayestahili kujua ni ushahidi, na ushahidi haufichwi. Riya ni kulifanya jambo ili lije liandikwe.

Na wako walioangukia upande huo. Kijana mmoja alilipa steshenari wamwandikie insha nzuri juu ya kituo cha yatima alichodai kukihudumia. Kwenye usaili akaulizwa kituo kina watoto wangapi na wanapikiwa na nani. Hakuwa na jibu. Aibu ile ilitupata na sisi, maana barua yake ilikuwa na muhuri wetu.

Basi andikeni yale mliyoyafanya kweli. Kufagia msikiti kila Ijumaa asubuhi, kupanga futari za Ramadhani, kumsomea barua bibi asiyeona, kuchimba kaburi. Wekeni idadi, siku na miaka, na jina la mtu anayeweza kuulizwa. "Napenda kusaidia jamii" haimwambii msomaji chochote. Kila mwombaji ameiandika.

Sasa tuwarudie walimu wenzetu na kamati, kwani hatutaki lawama zote ziwaangukie watoto. Binti yule tulimsaidia kuandika upya, akajaza nusu ukurasa ile na kukosa nafasi. Kilichobaki ni barua ya madrasa. Hatukuwa na daftari linaloonyesha alianza lini kufundisha. Ikabidi tuulizane, huyu akasema miaka mitatu, yule minne. Mwenye muhuri alikuwa safarini. Barua ilipokamilika, fomu zilikuwa zimefungwa siku mbili nyuma. Mama yake alikuja kutushukuru hata hivyo, na shukrani zile zilitutesa kuliko angetugombeza.

Tumefungua daftari. Liko ofisini, na kila kijana anayejitolea ataandikwa jina, kazi na tarehe, na ustadhi wake atatia sahihi kila mwezi. Muhuri sasa unakaa na watu wawili. Binti yule anaomba tena mwaka huu, na bado yuko na watoto wake kila alasiri. Anayetaka barua alete fomu yake wiki tatu kabla ya siku ya mwisho, asije magharibi ya siku hiyo na bodaboda inamngoja nje.

Wabillahi tawfiq.