Negativu ibaki na jamaa

Jamaa nyingi zilizokimbilia Lubumbashi kutoka Pweto, Mitwaba na Manono, ile pembetatu iliyoitwa ya kifo, zilifika na nyungu, blanketi na watoto. Foto za harusi na za marehemu zilibaki ukutani, na nyumba nyingine zikachomwa. Toka hapo wamepigwa foto mara nyingi na wageni wanaoleta misaada. Wageni wakirudi kwao, foto nazo zinaenda.

Kwa hiyo kamera ya kopo inastahili nafasi katika matembezi ya watoto mwezi huu wa sita, mvua zikiwa zimekwisha na baridi ikianza. Bahari iko mbali, lakini Kipopo kuna ziwa.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kopo la maziwa ya unga linapakwa rangi nyeusi ndani. Ubavuni linatobolewa kwa ncha ya sindano, tundu dogo kuliko nusu milimeta, kisha linafunikwa. Gizani, chini ya taa nyekundu, karatasi ya foto inawekwa ndani kuelekea tundu. Kwenye jua kali tundu linafunguliwa karibu dakika moja, basi. Mama akikaa kando ya maji bila kutikisika, ataonekana vizuri. Mtoto anayekimbia atakuwa moshi tu, au hatakuwapo kabisa (na ni nani atamtuliza mtoto dakika nzima?). Karatasi ikipitishwa kwenye dawa inatoa foto iliyogeuka, nyeupe imekuwa nyeusi. Hiyo ndiyo negativu. Inalazwa juu ya karatasi nyingine, inamulikwa, na foto yenyewe inatoka, hata mara kumi.

Basi negativu ishikwe na jamaa, siyo na aliyeleta kopo. Lubumbashi inajua jambo hili. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, katika kazi yake «Mémoire» alichukua wafanyakazi wa zamani wa migodi kutoka foto za kale za kampuni, akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines. Foto zile zilitunzwa na kampuni. Ni wajukuu wangapi wa wale watu wana hata moja nyumbani?

Wengine watasema simu inatosha. Simu ya aliyekimbia vita inauzwa siku unga umekwisha, na foto zinaenda nayo. Shida ya kweli ni karatasi na dawa: hazipatikani katika kila duka, na bei si rahisi. Maparokia, masomo na vyama vya wasanii kama Picha, kilichoanzisha bienale ya mji mwaka 2008, wanaweza kugawana mzigo. Paketi moja inatosha kuanza na jamaa chache.

Na dawa iliyotumika irudishwe mjini ndani ya bidoni. Kipopo watu wanafuga samaki.