Jicho la Mashine

Msomaji kijana, usiwasadiki wasemao kuwa mashine imeuondoa udaktari wa eksirei. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa wa kompyuta, alinena kwamba watu waache kufundishwa kazi hiyo. Miaka imepita, nao wangali wanatakiwa! Siukatai msaada. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia programu zisomazo picha za kifua, zitafute kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Lakini mfikirie fundi wa Rongai aliyeugua kifua kikuu zamani, akapona. Kovu lililobaki pafuni laweza kuihadaa mashine, ikamhesabu mgonjwa. Nayo haimwulizi neno. Nani atamwuliza, na kuagiza makohozi yapimwe, ikiwa wewe umeliacha somo la sayansi kwa kuitegemea kompyuta?